Mlango wa Mchana

Bariadi, 2 Machi 2025

Dada Eufrasia,

Mwangaluka. Mimi mzima, na ndoo uliyonipa bado ina mfuniko wake. Barua hii anakuletea baba mdogo Ndalahwa, ambaye amekaa kitandani kwangu tangu asubuhi akingoja gari la kurudi Ipililo. Ndiyo maana mwandiko umepinda, naandikia gotini. Ulisema simu iwe ya msiba na dharura tu, mengine tuandikiane, kwa sababu Krismasi uliniona nimeinamia simu mpaka ugali ukapoa. Sawa, natii.

Chuoni walitukusanya ukumbini kutufundisha kupanga muda. Mwalimu alisema mwanafunzi wa utabibu asiyejipangia muda, mtihani utampangia. Nikachora ratiba yangu kwa kalamu za rangi nilizoazima kwa Lucy, msichana tunayesoma naye darasa moja. Bluu ni kusoma, kijani ni kupika na kufua, nyekundu ni kulala. Nikaibandika ukutani juu ya meza, ikapendeza kweli. Gundi haijakauka, hodi. Alikuwa Felisita, jirani yetu wa kwa mzee Mboje. Alikuwa amemleta mwanawe hospitali, akaomba aweke mzigo na kupumzika kidogo. Alipumzika mpaka bluu yote ikaisha.

Dada, nilipopanga chumba karibu na stendi sikujua kwamba nimekipanga kwa niaba ya Ipililo nzima. Anayekuja hospitali anapita kwangu. Anayekuja ofisi za mkoa anapita. Asiyekuja kwa lolote naye anapita, ili akirudi aseme ameniona. Na mgeni wa nyumbani huwezi kumsalimia ukiwa umeshika kalamu. Ni lazima umuulizie mama yake, ng'ombe wake, mvua ya kwao, na naye akuulizie yote hayo hayo. Bi Siwema, mama mwenye nyumba, aliniuliza kama nimefungua hoteli bila kumwambia.

Wenzangu hapa wanafunga mlango tu. Ukiona mlango umefungwa unajua mtu anapiga msuli wa vitabu, unaondoka. Naomba ruhusa yako nami nifunge, hata alasiri peke yake. Majaribio ya kwanza hayakwenda vibaya sana.

Mdogo wako,
Mihayo


Ipililo, 16 Machi 2025

Mdogo wangu Mihayo,

Barua imefika ikinuka tumbaku ya baba mdogo, kwa hiyo nimeamini kwamba kweli alikaa kitandani.

Ruhusa ya kufunga mlango sikupi. Kwetu mlango unafungwa mchana kwa msiba, au kwa mgonjwa aliyezidiwa. Mimi niliufunga zile siku za mwisho za mama, na wewe ulikuwa mdogo, ukakaa nje unaupiga kwa kiganja. Sauti ile sijaisahau. Watu wakikuta mlango wako umefungwa jua likiwaka, watarudi huku kusema ama umekufa ama umejivuna, na sijui lipi litaniumiza zaidi.

Halafu hiyo ratiba yako ya rangi, nimeicheka peke yangu jikoni. Mimi hapa nakamua, napika, nashinda kwenye palizi, narudi, nateka maji, napika tena, na sijawahi kubandika kitu ukutani. Muda wangu haunipotei kwa sababu sijawahi kuuona ukiwa umekaa. Wewe ni kijana, kaza mwili. Lala kidogo, soma zaidi, na wageni uwapokee kwa uso mkunjufu. Ukiwa tabibu watu hao hao ndio watakuja kwako.

Hapa hakuna jipya. Kulikuwa na wageni kutoka Bukundi, kule Meatu, walikuja kuulizia ndama. Walikaa sana. Nakutumia michembe ya viazi kwa mkono wa Felisita. Usimpe mgeni yote.

Dada yako,
Eufrasia


Bariadi, 11 Mei 2025

Dada,

Nimechelewa kujibu na nitakuambia kwa nini. Nilikuwa naona aibu.

Nilikaza mwili kama ulivyosema. Nikawa napokea wageni mchana, nasoma wakienda. Lakini mtu aliyeshinda akihudumia watu hana kichwa kilichobaki. Nasoma ukurasa, nafika chini, sijui juu kuliandikwa nini. Asubuhi ya majaribio ya Anatomia alifika mzee mmoja wa kwetu, anaelekea kwa daktari wa macho. Nikamchemshia chai, nikamwonyesha njia, nikamsindikiza mpaka kona, na kwenye kona tukasalimiana upya na watu aliowafahamu. Nilipoingia chumba cha mtihani wenzangu walikuwa wameshageuza karatasi. Nimefeli, dada, na vibaya. Lile jaribio la kwanza pia nilifeli, nilikuandikia uongo.

Lucy na wengine tuliokuwa tunasoma nao pamoja wamehama chumba changu. Hawakunisema vibaya. Lucy alisema tu kwamba kwangu mtu anakuja kusoma anaondoka anajua habari za mifugo ya wilaya yetu yote ya Maswa.

Sijui nifanye nini. Kumwambia mtu aliyetoka nyumbani kwamba sina muda naye, mdomo wangu hauwezi. Na kusoma naye akiniangalia siwezi. Kama kuna namna, nifundishe. Kama haipo, niambie ukweli, nirudi tulime.

Vipi yule ndama wa Bukundi, wamemchukua?

Mihayo


Ipililo, 25 Mei 2025

Mihayo, mdogo wangu,

Barua yako niliisoma shambani nikakaa chini kwenye mstari wa pamba. Nimejilaumu. Nilikuambia ukaze mwili kama vile mwili ndio unaofanya mtihani. Habari ya kurudi kulima nisiisikie tena.

Sasa nisikilize. Huu ni msimu wa pamba. Kumbuka wewe mwenyewe, ni nani alishaingia kwetu wakati wa pamba akakaa mikono mitupu? Mtu anafika, anapewa kigoda, anapewa maji, na kabla hajamaliza kuuliza habari za watoto kashawekewa furushi mbele yake. Anachambua, safi huku, fifi yenye uchafu kule, na maneno yanaendelea. Hajanung'unika hata mmoja. Anayekaa bure ndiye anayeona haya. Jana mke wa Ndalahwa alikuja kuazima ungo, akaondoka giza linaingia, na furushi zima kalimaliza, na habari zote tumeongea.

Kosa lako ni kwamba umefika mjini ukadhani mgeni anataka umwache kila kitu umtazame. Ipililo ulimwona wapi mgeni wa hivyo? Mgeni anataka kuwa na wewe. Mpe kazi uliyokuwa unaifanya. Sijui kazi ya utabibu inashikwaje na mtu asiyeisomea, hilo utalitafuta mwenyewe, ndiyo maana uko chuo. Lakini usiache furushi lako ili umsalimie mtu. Msalimie huku unachambua.

Wale wa Bukundi walirudi tena kwa habari ya ndama. Ni watu wa subira. Mimi nimewaambia wangoje kidogo.

Kula vizuri. Rangi nyekundu ile ya kulala usiiguse, nimebadili mawazo.

Eufrasia


Bariadi, 29 Juni 2025

Dada yangu,

Wabeja! Asante tena na tena.

Nilimwanzia baba mdogo Ndalahwa, kwa kuwa yeye ndiye mzoefu wa kitanda changu. Alipofika nikampa maji, nikampa mchoro wa moyo wa mtu, nikamwambia: baba, mimi naeleza, wewe fuata kwa kidole, na mahali usipoelewa nisimamishe. Alidhani natania. Nikaanza, damu inaingia hapa, inasukumwa huku, inakwenda kwenye mapafu. Akanisimamisha. Nikaeleza tena. Akanisimamisha tena. Ananiuliza kwa nini irudi ilikotoka badala ya kwenda moja kwa moja mwilini, nami nikagundua kwamba kitu hicho nilikuwa nakiimba tu, sikijui. Tukakitafuta kwenye kitabu pamoja. Alipoondoka alikuwa anajishika kifua kwa heshima.

Tangu hapo hakai mtu bure. Felisita alipewa mifupa ya mkono, ameijua yote kwa Kisukuma, namtafutia majina ya kitabuni. Mzee wa macho alirudi, akapewa jicho. Bi Siwema alikuja kulalamikia kelele, akakuta tunabishana habari za figo, akavuta kiti, akasema naye mgongo unamsumbua. Sasa akifunga duka lake la vitenge anapita kuuliza leo tunasoma kiungo gani. Na wako wageni wawili watatu ambao wameacha kabisa kuja. Sikuwafukuza. Walipewa furushi wakakumbuka wana haraka.

Lucy amerudi na wenzake. Anasema hajawahi kuona kundi la kujisomea lenye wazee wa tumbaku.

Mtihani wa mwisho unaanza wiki ijayo. Nimeanza kuchambua nikiwa nimechelewa, hilo nalijua. Niombee.

Na huyo ndama anaulizwa mpaka lini? Kama hauzwi si waambiwe?

Mdogo wako,
Mihayo


Ipililo, 4 Julai 2025

Mihayo,

Nimecheka mpaka nikaogopa watu watasikia. Baba mdogo anapita kijiji kizima akiwaeleza watu habari za mioyo yao.

Usije kuvuna. Pamba tutaimaliza. Wewe fanya mtihani, usiwaze chochote cha huku. Hapa hakuna jipya.

Nakuombea kila nikiinama na kila nikiinuka.

Eufrasia


Bariadi, 17 Agosti 2025

Dada Eufrasia,

Matokeo yametoka. Furahi, nimefaulu. Masomo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea, na mwalimu mmoja aliniuliza nilibadilisha nini. Nilimwambia nilipata wasaidizi.

Likizo hii sitakuja mara moja. Nina mambo madogo ya chuo yatakayonishika hapa Bariadi mwezi wa tisa. Si ya kukuumiza kichwa. Wewe pumzika sasa, pamba imeisha.

Mihayo


Ipililo, 21 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaenda nayo mpaka kaburini kwa mama nikamsomea. Sina aibu kukuambia kwamba nililia. Sasa nimelala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu uondoke.

Hayo mambo madogo yamalize haraka. Ukifika mwezi wa tisa tarehe kumi na tatu uwe umeshafika nyumbani, na ukae mpaka wiki ile iishe. Kuna jambo nataka kukuambia uso kwa uso. Ni jambo zuri, usianze kubuni magonjwa. Sikutaka kukuchanganya wakati unasoma, lakini kwa kuwa umefaulu hakuna tena cha kuogopa.

Dada yako anayekupenda,
Eufrasia


Bariadi, 31 Agosti 2025

Dada,

Kaa chini kabla hujaisoma hii.

Jana alasiri ilibishwa hodi. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida, lakini mgeni huyu alisimama nje mpaka nikamkaribisha mara mbili. Mtu mrefu, mtaratibu, kofia mkononi. Alisema anatoka Bukundi, anaitwa Masunga, amekuja mjini kutafuta dawa ya kuogeshea mifugo. Nikajua ni yule wa ndama. Nikampa maji, nikampa karatasi ya ini na nyongo, nikamwomba anifuatilie. Akafuata kwa kidole, polepole, kwa bidii kabisa, na nilipoteleza akanirudisha. Tulikaa hivyo muda mrefu. Ndipo akaiweka karatasi mezani na kuuliza kama hivi ndivyo nitakavyokuwa nampokea nikishakuwa shemeji yake.

Kumbe ndama ni wewe, dada.

Alidhani najua. Alipoona uso wangu alitaka kuondoka, nikamshika mkono. Akanieleza yote. Tarehe ishirini mwezi wa tisa, Jumamosi, kanisani kwetu. Imeshatangazwa, na wote waliopita kwangu wiki hizi, baba mdogo, Felisita, mpaka mzee wa macho, walijua. Wameshika karatasi za maini na figo zangu na hakuna aliyetoboa siri, kwa sababu wewe uliwakataza. Nikamuuliza amengoja tangu lini. Akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema:

"Mara ya kwanza alisema tungoje Mihayo aingie chuo. Mara ya pili akasema tungoje Mihayo amalize mitihani. Mimi nitangoja hata mara ya tatu. Wazee wangu ndio wamechoka, wamesema hii ni ya mwisho."

Basi na mimi sasa nikuambie langu. Sikufaulu yote. Anatomia imenirudisha, nina sapu, mtihani wa marudio, na ni Jumatatu tarehe ishirini na mbili, siku ya pili baada ya harusi yako. Nikiukosa au nikifeli, chuo kinaniondoa. Hayo ndiyo mambo yangu madogo. Sikukuambia kwa sababu ulishajinyima vya kutosha kwa ajili yangu, nilitaka ulale.

Nilimwambia Masunga. Aligeuza kofia yake mkononi. Halafu akaniomba nisikuambie, kwa maana ukijua utaahirisha. Nami najua utaahirisha, nakufahamu. Nimekesha na hilo. Lakini tumefichana vya kutosha mimi na wewe.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kikubwa kuliko hiki. Usihamishe siku. Ukiihamisha kwa ajili yangu, hata nikiwa tabibu wa mkoa mzima nitakuwa nimekuibia. Kama ni mmoja wetu kukosa, acha nikose sapu.

Sijui ile wiki ya kupita kwa ndugu nitaitoa wapi. Najua mtoto wa kiume ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kuwaita wajomba na mashangazi, kwa miguu yake na kwa mdomo wake, na aliyeitwa kwa simu haji. Sijui. Nielekeze.

Mihayo wako


Ipililo, 4 Septemba 2025

Mihayo,

Umenifahamu vizuri mno. Nilipomaliza kusoma nilivaa viatu kwenda kwa padri kuomba siku isogezwe. Nilifika mpaka kwenye njia panda. Pale nikasimama, nikajiuliza, nikisogeza tena, nitamwambia Masunga tungoje nini? Umalize mwaka wa pili? Uoe? Nikaona kwamba mimi nimekuwa najificha nyuma yako. Tangu mama afe nimekuwa mtu wa kushika furushi la mwingine, na nilipoona langu linakuja nikaogopa, nikakutanguliza wewe. Nikarudi nyumbani. Siku haitasogezwa.

Na sapu hutaikosa. Ukisema tena maneno yale ya kukosa nitakuja huko na fimbo, harusi au si harusi.

Umenidanganya, na mimi nimekudanganya. Nilikuwa nimekasirika jana. Leo nimebaki na huzuni tu kwamba ulisoma karatasi ya matokeo peke yako.

Sasa habari ya ndugu. Nimekaa na baba mdogo. Mwanzo alikataa katakata, akasema haijapata kutokea. Nikamuuliza ni ndugu yupi katika wote ambaye hajawahi kukanyaga chumba chako mwaka huu. Alihesabu kwa vidole akakosa. Wote wanapita hapo, Mihayo. Basi utawaita mlangoni kwako, kwa mdomo wako mwenyewe, wakiwa wameshika karatasi. Baba mdogo amekubali, na atapita kuwaambia walio mbali wafike Bariadi kwa shughuli zao wiki hii badala ya ijayo. Amesema mlango ni wako, kwa hiyo na nyumba ni yako, na aliyeitwa pale ameitwa nyumbani. Sijui kama wazee wa zamani wangekubali. Yeye ndiye mzee tuliye naye.

Wewe uje Jumamosi asubuhi, unipeleke kanisani, ule, ucheze kidogo, ulale. Jumapili urudi. Njoo na kitabu.

Nilitaka kukuambia uso kwa uso kwamba nampenda. Basi nimekuandikia.

Dada yako,
Eufrasia


Bariadi, 28 Septemba 2025

Dada Eufrasia, Bukundi,

Mkono umesita kuandika Bukundi. Umezoea Ipililo.

Nilirudi Jumapili nikiwa nimekalia gunia la viazi vikavu, matobolwa ya mke wa baba mdogo. Jumatatu nikaingia mtihani nikiwa wa kwanza, karatasi bado zimefungwa. Swali la pili lilikuwa la moyo. Nilimwona baba mdogo kabisa, na kidole chake, ananisimamisha palepale alipokuwa ananisimamisha. Sisemi kitu zaidi. Matokeo yatasema.

Ila nataka nikuambie ambacho hukukiona, kwa sababu bibi harusi haoni harusi yake. Wakati unavalishwa, nilikaa nyuma ya nyumba na kitabu, nikijua nimejificha vizuri. Akaja mjomba, akavuta kigoda. Akaja shangazi. Mzee wa macho akaniuliza habari za jicho mbele ya watu wa Bukundi ili waone kwamba anazijua. Mwisho tulikuwa kundi zima, na wazee wa Masunga nao wakagawiwa kurasa. Mmoja wao aliuliza kama kwetu harusi zote ziko hivi. Felisita akamjibu kwamba kwetu mgeni hakai bure.

Tulipokuwa tunatembea kwenda kanisani ulinishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba niliogopa utaanguka. Ulininong'oneza kama nimekula. Siku ya harusi yako, dada. Nilikuwa nimekula.

Nyumba ya Ipililo ufunguo anao baba mdogo. Nilipoondoka mlango ulikuwa wazi, anakaa mlangoni na tumbaku yake.

Pumzika. Hilo ndilo somo ambalo na wewe una sapu yake.

Mdogo wako,
Mihayo


Bukundi, 19 Oktoba 2025

Mihayo, tabibu wangu,

Umevunja sheria ya simu. Ilipolia nikaona jina lako, nikajua ni msiba, nikampa Masunga aipokee. Akasikiliza, akasema neno moja tu, amefaulu, akanirudishia. Sikuweza kuongea na wewe, ulisikia mwenyewe. Kwa hiyo nakuandikia niliyotaka kusema. Nimefurahi mpaka nimechoka. Mwaka wa pili anza kuchambua mapema, usingoje pamba ikuzidi.

Sasa nikuambie yangu, na ole wako umwambie Ndalahwa.

Huku kazi ni nyingi lakini watu ni wengi. Asubuhi naamka nakuta maji yameshatekwa. Nashika jembe, wifi analichukua upande wa pili. Siku za kwanza nilizunguka uani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, natafuta kilichosahauliwa. Siku hiyo ya simu, baada ya chakula cha mchana, Masunga aliniangalia akaniuliza mara ya mwisho nilipolala mchana ilikuwa lini. Nikafikiri. Sikukumbuka. Akaniambia niingie ndani.

Niliingia, Mihayo, nikafunga mlango. Jua linawaka, mimi si mgonjwa, hakuna aliyekufa, nikafunga mlango nikalala.

Nilipoamka nikasikia minong'ono nje. Jirani wa kwanza alikuwa amepita kusalimia, akaona mlango, akaenda kumwita mwenzake. Wakaja na wengine. Walikuwa wamekaa chini uani na kanga zao begani, mmoja keshaleta kuni, kama wanavyokuja watu kwenye taabu. Nikasikia wanamuuliza Masunga ni nani aliyezidiwa.

Nilikuwa nimeshika komeo nitoke haraka nikaone haya mbele yao. Ndipo nikamsikia akiwajibu, taratibu kama anavyoongea.

"Hakuna mgonjwa. Ni Eufrasia, amelala."

Nikaliacha komeo, nikarudi kitandani.

Dada yako,
Eufrasia